Kibao cha Kimya na Pingamizi Ishirini na Tatu

Kwa Kiswahili neno kumbukumbu hubeba mizigo miwili: yale mtu anayoyakumbuka, na yale katibu aliyoyaandika mkutanoni. Katika miaka yangu ya kazi nimegundua kwamba mizigo hiyo miwili mara nyingi haijuani. Nimestaafu juzi, keki imeliwa, na ninyi vijana mlionirithi pale maktaba mmeniomba niandike kidogo jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya kompyuta. Haya. Habari za vyeo hazina utamu, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaanza na viatu.

Nilianza kazi Homa Bay mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mama yangu alikuwa ameninunulia viatu vya visigino sokoni Rongo, kwa sababu alisema mtu wa ofisi husikika kabla ya kuonekana. Nilisikika kweli. Nilipita katikati ya maktaba ko, ko, ko, mpaka kwenye meza ya Mzee Obura, aliyekuwa mkubwa pale. Alikata kipande cha karatasi kutoka nyuma ya kalenda kuukuu, akaandika neno moja, akanisukumia. Neno lilikuwa "Vua." Siku yangu ya kwanza kazini niliifanya kwa soksi, na moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Kesho yake nilikuja na raba.

Mzee Obura alikuwa mwembamba, na alivaa sweta hata siku ambazo joto la ziwani lilimfanya mbuzi atafute kivuli. Mambo yake yote yalipita kwenye vikaratasi. Aliyekohoa sana aliletewa kimoja: "Kikohozi ni chako, maktaba ni yetu." Mama mmoja alipoingia na kifurushi cha dagaa chenye harufu alipewa kingine: "Omena hawasomi." Na msomaji aliyetaka kitabu, au aliyekuwa na swali, aliandika vilevile, akainua mkono na kungoja. Nilifanya kazi chini yake zaidi ya mwaka mmoja na sikuwahi kusikia sauti yake kamili.

Alinifundisha mhuri wa tarehe. Mhuri unashikwa wima, unakandamizwa mara moja, hautikiswi. Tarehe hubadilishwa asubuhi kabla ya chai, maana baada ya chai utasahau. Mimi nilisahau siku moja, nikapiga siku nzima tarehe ya kurudisha ambayo ilikuwa imepita jana. Wasomaji wa siku ile walichelewa kurudisha vitabu kabla hawajafika mlangoni. Alinifundisha pia gundi ya unga wa muhogo: iwe nzito, na isikae wazi usiku, la sivyo panya watakuwa wasomaji wako wa kwanza. Lakini somo kubwa lilikuwa kimya. Mtu akianza kunong'ona, hukumtazama wala kufikiri. Ulimnyamazisha tu kwa "shh" huku mkono ukiendelea na kazi. Sisi Wajaluo herufi hizo za "sh" hututoroka mdomoni, kwa hiyo mlio wangu ulitoka "sss", kama tairi la baiskeli lililokanyaga mwiba. Ulifanya kazi vizuri sana. Baada ya mwaka ulikuwa unatoka wenyewe.

Kisha nikahamishiwa Migori. Kamati ya wakaazi wa mtaa mmoja nyuma ya soko ilikuwa imejenga chumba kwa harambee na kuomba maktaba ndogo, nami nikapelekwa na masanduku saba ya vitabu. Mzee Obura alinipa zawadi ya kuondokea: kibao cheusi chenye herufi nyeupe, KIMYA. Nilimuuliza kwa kikaratasi kwa nini hakuna "tafadhali". Akajibu kwa kikaratasi: "Tafadhali hufungua mjadala."

Chumba kile kilikuwa na madirisha mawili, mabenchi ya kanisa yaliyochoka, na baraza ndogo mbele. Siku za wiki kilikuwa maktaba yangu. Jumapili moja kila mwezi, mchana, kilikuwa cha kamati. Jumamosi Wasabato hawakuwepo, Jumapili asubuhi Wakatoliki hawakuwepo. Mchana ule peke yake ndio haukuwa na dhehebu. Kamati ilikaa kupima maombi ya watu waliotaka kubadilisha matumizi ya ploti, kabla karatasi hazijapelekwa kaunsil. Na kwa kuwa mimi nilikuwa na ufunguo, biro na mwandiko, nilifanywa katibu. Jifunzeni hapa: mkutubi akionekana na mikono miwili, atapewa kazi mbili.

Maombi yenyewe yalikuwa elimu. Fundi mmoja alitaka kufungua karakana ya majeneza akitazamana na zahanati, akaeleza kwa nia njema kabisa kwamba hataki wateja wasumbuke kutembea. Bwana mwingine alitaka kufuga nguruwe nyuma ya nyumba ya maombi na kuahidi watakuwa nguruwe watulivu. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Odhiambo, mwalimu mkuu mstaafu, aliyasikiliza yote kwa uso uleule. Mwalimu alipenda utaratibu kuliko chai. Baada ya mkutano mmoja kuhusu mbuzi ambao ulianza mchana na kuisha watu hawaonani nyuso, aliandika kifungu kipya katika katiba ya kamati: mwenyekiti atauliza mara tatu kama kuna pingamizi, na asiposikia sauti, ombi limepita. Mikutano ikawa mifupi, na sote tulimsifu.

Wasomaji nao wakaja. Wachimbaji wa dhahabu walitoka Osiri siku yao ya mapumziko, mikono myekundu kwa udongo, nikawawekea karai la maji na kipande cha sabuni barazani. Wanafunzi walikuja kwa sababu nyumbani kulikuwa na watoto. Na alikuja Mama Robi, mwanamke wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha, aliyeuza wimbi na mtama sokoni. Alikuja mara ya kwanza kujikinga mvua. Mara ya pili hapakuwa na mvua. Alikuwa amefika darasa la pili tu, basi tulianza na vitabu vya watoto, yeye akisogeza kidole na midomo bila sauti, mchana wakati soko limelala. Baada ya mwaka na zaidi aliniandikia kikaratasi akiomba "kitabu ya watu wakubwa". Nikampa riwaya nene iliyokuwa imepoteza jalada, habari ya mke ambaye mumewe aliondoka kwenda kutafuta kazi. Alisoma kurasa mbili kwa siku. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao: KIMYA.

Ndipo likaja ombi la Bwana Ouko. Ouko alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kofia ambayo hakuivua ila kwa kusalimia, na alitaka chumba cha jamii kibadilishwe kutoka kusomea kuwa cha kusagia. Alitaka kuweka mashine ya posho. Msimwone mbaya. Akina mama wa mtaa ule walivuka daraja na debe kichwani kwenda kusaga, na wakifika walikuta foleni ya mpaka jioni. Maktaba, ombi lilisema, ihamishiwe "mahali patakapopatikana". Maneno hayo niliyajua. Nilikuwa nimeyaandika kitabuni mara nne, kwa ajili ya uwanja wa mpira, choo cha umma, soko la mbuzi na mahali pa wazee kupumzika. Mpaka leo hakuna hata mahali pamoja palipopatikana. Mzee Obura alikuwa ameniandikia wazi kwamba chumba kikienda, vitabu vitarudi Homa Bay kwenye masanduku yaleyale.

Niliogopa, lakini si sana. Niliwaambia wasomaji wote, mmoja mmoja, kwa vikaratasi, waje Jumapili ile wapinge. Wakaja. Mabenchi yalijaa, wengine wakakaa sakafuni. Niliwaona nikajivuna.

Ouko alizungumza vizuri. Akasema mashine tayari anayo, ipo kwake chini ya turubai. "Masine haina sida," alisema. "Inangoja nyumba tu." Akina mama wakatikisa kichwa kwa kukubali. Hata mimi nilitikisa, maana na mimi nakula ugali. Kisha Mwalimu akafungua katiba na kuuliza mara ya kwanza kama kuna pingamizi.

Kimya. Nikatazama mabenchi. Kila msomaji alikuwa amechukua kikaratasi kwenye meza yangu na alikuwa anaandika, kichwa chini, kama nilivyowafundisha. Halafu mikono ikainuka, minyoofu, kila mmoja na kikaratasi chake, wakangoja nipite kukusanya. Mwalimu alikuwa anasoma kifungu chake, miwani ya mbali ameisahau nyumbani, na kifungu kilisema sauti.

Akauliza mara ya pili. Hapo wakaanza kuelewa. Benchi likalia. Mchimbaji mmoja akamsukuma mwenzake kwa kiwiko, watu wakaanza kuambiana wewe sema, hapana sema wewe, na mnong'ono ukapanda. Mimi, nikisema nitakusanya nikimaliza mstari, nilikuwa nimeinamia kitabu cha kumbukumbu, naandika jina la mwombaji. Nikasikia kelele ndani ya maktaba yangu. Sikumtazama mtu wala sikufikiri.

"Sss."

Chumba kikanyamaa. Mwalimu akauliza mara ya tatu, na kimya alichokipata ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvitengeneza katika kazi yangu. Akachukua mhuri wangu wa tarehe, akaupiga mezani, akasema ombi limepita. Katibu wa kamati huandika kilichotokea. Nikaandika: Pingamizi, hakuna.

Watu walitoka polepole, na hakuna aliyenilaumu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mama Robi aliweka kitabu chake mezani kikiwa na unyasi katikati kuonyesha alipofikia, akaondoka. Nilifunga mlango, nikakusanya vikaratasi sakafuni na kwenye mabenchi, ishirini na vitatu. Nikakaa chini nikalia, na sioni haya kuwaambia. Nilikuwa nimewapoteza wasomaji wangu kwa mlio mmoja wa pancha.

Wiki ile nilikwenda Homa Bay kuungama. Mzee Obura alinisikiliza nikimnong'oneza habari yote, tangu mbuzi mpaka "sss". Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akacheka. Alicheka kwa sauti nene, ya mtu mnene kumzidi mara mbili, mpaka msichana mmoja wa shule kwenye kona akainua kichwa na kumnyamazisha. Mzee akajifuta macho kwa sweta, na kwa mara ya kwanza akanisemesha kwa mdomo.

"Nyathina, mwanangu," alisema, "hizo kumbukumbu zimethibitishwa?"

Nikamwambia bado, huthibitishwa mkutano unaofuata.

"Basi hakuna kilichopita. Kile kimya tuliwapa wasomaji wasikie kitabu. Hatukuwapa ili wao wasisikike. Na hizo karatasi, umezitupa?"

Nilikuwa nazo kwenye mkoba. Akazipanga mezani kwa alfabeti, kwa sababu hakuweza kujizuia. Kisha akarudi kwenye desturi yake, akakata kipande cha kalenda na kuandika: "Karatasi bila mhuri ni takataka." Nikaelewa. Niliporudi Migori nilivipiga vikaratasi vyote mhuri, wima, mara moja, bila kutikisa. Tarehe ya kurudi niliyoiweka ilikuwa ile ya mkutano unaofuata.

Jumapili hiyo nilishusha kibao na kukificha nyuma ya rafu. Haikusaidia sana. Pale kilipokuwa pamebaki mraba mweupe ukutani, na watu walioingia waliutazama wakanyamaza kwa adabu. Mwalimu akasoma kumbukumbu zote, akafika kwenye "Pingamizi, hakuna", akauliza kama kuna masahihisho. Hakuna aliyefungua mdomo. Nikasimama.

Sasa, mtu aliyenong'ona miaka kadhaa hajui tena kipimo cha sauti yake. Yangu ilitoka kubwa mno. Kuku aliyekuwa barazani akakimbia, na Ouko akaangusha kofia.

"Mwenyekiti, kumbukumbu hizi zina kosa, na kosa ni langu. Nimeandika pingamizi hakuna. Zilikuwa ishirini na tatu. Mimi ndiye niliyezinyamazisha."

Nikaviweka vikaratasi mbele yake. Safari hii miwani alikuwa nayo. Akakigeuza cha kwanza, akakigeuza cha pili.

"Hizi zina mhuri," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Zinatakiwa kurudi leo."

Niliona furaha ikimpita usoni, ile furaha ya mtu aliyekutana na utaratibu asioujua. Lakini hakuwa mtu wa kurahisisha. Akasema katiba inataja sauti, na karatasi haina sauti. Nikasema basi wenyewe wazisome. Akafikiri, akafungua katiba, akaifunga, akakubali.

Wakaanza. Mchimbaji wa Osiri akasoma kwamba yeye wiki nzima yuko shimoni, na benchi lile la dirishani ndilo pekee analokalia penye jua. Mwanafunzi akasoma habari ya mtihani. Halafu Mwalimu akaita jina la Mama Robi, na akina mama wakageuka kumtazama, kwa sababu kila mtu alijua anauza nini. Mashine ya posho ikiwekwa pale, wateja wa wimbi wangemjia wenyewe mpaka mguuni. Yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kuitaka kuliko wote.

Akasimama, akakishika kikaratasi kwa mikono miwili. Hakuwahi kusoma kwa sauti mbele ya watu. Kidole kikasogea, midomo ikasogea, na safari hii kukatoka kitu.

"Mimi Mama Robi. Napinga. Sijamariza kitabu. Nataka kujua kama yure bwana atarudi."

Mwalimu Odhiambo alikuwa ameisoma riwaya ile, na ualimu haumtoki mtu. Akainua kidole na kuvuta pumzi ili amfahamishe.

"Mwarimu," alisema Mama Robi, "usiseme."

Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu, na sikumnyamazisha yeyote. Kicheko kilipotulia, tuliona Ouko amesimama, anazungusha kofia mikononi. Akasema yeye naye ana neno kuhusu ile mashine. Ni kweli iko chini ya turubai. Lakini alikuwa ameifungua ili kuisafisha, akifuata kitabu cha injini za dizeli alichoazima kwangu, na alikuwa amefika katikati ya kitabu.

"Sasa iko vipande vipande," alisema. "Maktaba ikienda Homa Bay na hicho kitabu, nani atanionyesa namna ya kuirudisa? Mwenyekiti, hata mimi sijamaliza."

Mwalimu akamwuliza kama anaondoa ombi. Ouko akasema aandikwe ameondoa, lakini aandikwe kwa heshima. Nikaandika hivyo: Bwana Ouko ameondoa ombi, kwa heshima. Mwalimu akaunyanyua mhuri wangu apige meza, nikamwomba atumie ngumi.

Ouko alikimaliza kitabu. Ilimchukua miezi, na baadhi ya skrubu zilibaki bila kazi, lakini mashine iliunguruma, akaiweka kwenye ploti yake mwenyewe hatua chache kutoka kwetu, na kamati ilipitisha kwa sauti kubwa. Akina mama wakaacha kuvuka daraja. Mama Robi aliuza wimbi pale mlangoni asubuhi na kuja kwangu mchana, unga kwenye nyusi. Mngurumo ulitufikia siku nzima. Nilijaribu kukitundika kibao kwenye dirisha la upande ule, lakini mashine haikujua kusoma.

Nilihamishwa, nikarudishwa, nikahamishwa tena, na mwisho nikarudi Migori kumalizia. Mzee Obura alifariki katikati ya safari hizo. Kwenye mazishi yake watu walihutubu tangu asubuhi mpaka jua likaelekea ziwani, wote kwa kipaza sauti, nami nilikaa nikifikiria vikaratasi ambavyo angewagawia. Nilimpenda sana mzee yule. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu maktabani hakuna nafasi ya kusema, na barabarani tuliona haya.

Kibao nimewaachia kwenye msumari wake. Kina ufa upande wa K, msikipake rangi. Kazi yake mnaijua. Nawaomba kimoja tu: siku ya mkutano kishusheni, na katibu asiwe mkutubi.

Ila mimi mwenyewe nilisahau. Juzi mliponiaga mle ndani, kibao kilikuwa juu, na mwenyekiti wa siku hizi, kijana mpole, alipouliza nani ana neno kwa Madam, mabenchi yote yalikaa kimya. Nikaona mikono inatafuta biro. Mwenyekiti akataka kuwachangamsha, akasema basi tufuate katiba ya zamani: Madam anaomba kustaafu, kuna pingamizi? Wakacheka kidogo, wakanyamaza. Akauliza mara ya pili.

Nyuma kabisa fimbo ikagonga sakafu. Mama Robi alisimama, polepole, mvi tupu, bila karatasi mkononi.

"Iko," alisema. "Mimi napinga."

Mwingine akasema na yeye anapinga. Mwingine naye. Kelele zikapanda mle ndani, watu wazima na watoto, kila mmoja na pingamizi lake, na mimi, kwa mazoea ya maisha yangu yote, nikainua kichwa. Ile "sss" ilifika mpaka kwenye meno. Nikaimeza.